Mwalimu Aliyekula Mbegu

Ukifika Butembo usimuulizie kwa jina. Hata sisi tuliokaa mbele yake darasani tutakuangalia tu. Uliza Mwalimu wa Vita. Hapo hata muuza makala ya kupikia wa barabarani atakuambia: aa, yule mzee wa suruali yenye mukunjo wa pasi, mwenye kuuliza kila mtu kama amekula!

Mimi nauza misumari, bati na rangi katikati ya mji, na kuandika habari za watu siyo kazi yangu. Lakini mwaka huu wanafunzi wake wa zamani walinitwika mzigo. Walitaka nimtoe mzee kule Mangina kabla vita havijamkuta shambani, nimfikishe uwanja wa Rughenda, nimpandishe ndege aende kwa watoto wake. Walinichagua mimi kwa sababu, walisema, nina mdomo. Mdomo ninao, sikatai. Ila mzee naye alikuwa na sharti lake, na kila nilipompigia simu alilirudia lile lile.

"Nitaondoka siku nitarudisha maharagi ya mama yako."

Maharagi! Watu wanakimbia na magodoro kichwani, yeye anazungumza maharagi. Nilikuwa nakata simu kwa hasira, kisha nampigia tena kumuuliza kama amelala vizuri. Ili mjue nilikuwa nagombana na mtu wa namna gani, lazima nianzie kwenye vita, lakini siyo hivi vya kwetu. Ni vile vya dunia nzima, vya pili.

Alitumwa na serikali kutoka upande wa mto mkubwa, mkoa wa Équateur, aje kutufundisha histoire huku milimani penye baridi, nchi ikiwa bado inaitwa Zaïre. Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa Lingala tupu. "Batoto, bofanda! Nataka makelele te!" Yaani tukae, hataki kelele. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alingoja tumalize, akapanguza chaki kwenye kitambaa chake, akauliza, "Mumekula asubuhi?" Waliosema hapana aliwaweka mbele, karibu naye, wasipatwe na usingizi nyuma.

Chaki alikuwa nayo uchoyo wa ajabu. Aliandikia kipande mpaka kinapotelea katikati ya vidole. Kwa hiyo vita vya dunia hakuvifundishia ubaoni. Alitutoa nje, akamwaga majivu ya jikoni kwenye uwanja wa masomo na kuchora dunia yote: Ulaya karibu na njia ya choo, Afrika mbele ya mlango wa préfet, mkuu wa shule, Asia mpaka kwenye ukingo wa miti. Majeshi yalikuwa maharagi. Kila mtoto alileta kiganja kimoja kutoka kwao, na kwetu maharagi yana rangi zote. Warusi walikuwa mekundu, Wadachi, yaani Wajerumani, meusi, Waingereza ya manjano, Waamerika yale manene, Wajapani yale meupe madogo. Tulichuchumaa kuzunguka dunia, madaftari magotini, na yeye akatembea juu ya bahari na viatu vyake vilivyopigwa kiwi.

"Vita ya dunia hapana mustari moja," alisema. "Muangalie mama yako ku moto. Sufuria moja, anaweza. Sasa mumupe sufuria tatu, lakini makala ya sufuria moja. Atafanya nini?"

"Ataomba makala kwa jirani, Mwalimu!"

"Voilà. Sasa yule bwana wa Berlin alishapiga bajirani yote. Ataomba kwa nani?"

Ndivyo nilivyoelewa kwa nini mtu mwenye nguvu anashindwa, na mpaka leo nikiona mfanyabiashara anafungua duka Beni, lingine Goma, lingine Kisangani kwa mwezi mmoja, nasema moyoni: huyu anataka sufuria tatu.

Lakini hakuna aliyeruhusiwa kusogeza haragi hata moja kabla ya kujibu swali lake. Unataka kupeleka Wadachi Stalingrad? "Na banakula nini?" Unataka Waingereza wavuke jangwa la Libya? "Na banakula nini? Na maji, ni nani anabeba?" Wajapani wakapita milima ya Birmanie, yaani Burma, tukawasukuma mbio kwa vijiti, na yeye akatusimamisha: chakula chao kimebaki wapi? Tukageuka, tukaona nyuma yao hakuna kitu, msitu tu. "Basi," akasema, "hawa bameshakufa, hata kama bado banatembea." Aliinama, akayaokota yale maharagi madogo polepole. Hatukupiga kelele za ushindi. Mtoto mmoja aliwahi kushangilia kifo cha Wadachi kwenye theluji, na akaambiwa asimame na ataje chakula walichokula siku ya mwisho. Farasi wao, alijibu kwa sauti ndogo. Akaambiwa akae.

Alipofika kwa askari wetu, sauti ilishuka. Alitueleza jinsi walivyotoka pande zote za Kongo, wengine kwetu, wengine kwao mtoni, wakapita Sudani kwa boti, kwa kamyo na kwa miguu, mpaka kwenye milima ya Abyssinie, Ethiopia ya leo. Pale Saio Waitalia walikuwa juu, sisi chini, mvua inanyesha, chakula chetu kimenasa nyuma kwenye matope.

"Balipanda na njaa, batoto. Njaa! Na kule juu bagenerali bazima ba Italia balitoa silaha kwa baaskari ba Kongo."

Tulitaka kupiga makofi, akainua mkono. Bado. Kwanza alitaka maharagi mengine, hapa, katikati ya Kongo, kwa wale waliobaki: waliogema mpira, waliochimba, mama waliolima chakula cha jeshi huku shamba lao wenyewe likingoja. "Hii pia ni front, mustari ya vita. Hapana na medali, lakini ni front." Ndipo tulipopiga makofi, na tulipiga kweli.

Kwa ajili ya askari wale wa Abyssinie alichagua maharagi mazuri kuliko yote uwanjani. Yalikuwa meupe, yenye duara jekundu kuzunguka jicho, na mbegu yake ilikuwa kwetu peke yake. Mama yangu alikuja nayo alipoolewa kutoka milima ya Lubero. Niliona fahari siku ile, acha tu.

Halafu tukala vita. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumaliza somo. Aliokota majeshi yote, akayaosha na kuyatia kwenye sufuria kubwa moja, akamimina mafuta ya mawese aliyotumiwa kutoka kwao. Adui na rafiki wakachemka pamoja. Alitugawia yeye mwenyewe, sisi kwanza, yeye mwisho. Hatukuwahi kuona mwalimu akiwagawia watoto chakula.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa. Ulikuwa mwezi wa tisa, mvua ndiyo inaanza. Kila Mnande, kila mtu wa milima yetu, anajua mwezi wa tisa hakuna maharagi ya kula nyumbani. Yaliyopo ni yale yaliyofungwa juu ya moto, kwenye moshi, yakingoja jembe. Sisi tuliambiwa na mwalimu tulete maharagi, tukaleta yaliyopo. Huyo mtu wa mtoni angejuaje?

Kesho yake asubuhi mama zetu walifika masomoni na majembe mabegani. Mama yangu alikuwa mbele.

"Mwalimu, umekula mbegu."

"Mama, hapana. Nilikula maharagi. Na batoto balikula."

"Mbegu hapana ya kupika!"

Akawatazama mmoja mmoja, amepotea kabisa. "Lakini mama, maharagi na mbegu, si kitu moja?"

Yesu wangu! Kelele iliyotoka pale, préfet alifunga dirisha lake. Mwalimu alingoja, kama alivyotungoja sisi, halafu akajieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Kwao wanakula muhogo. Mtu anachimba mzizi, anakula. Anachukua mti, anakata, anapanda. Kinacholiwa hakipandwi, kinachopandwa hakiliwi. "Kwetu mutu hawezi kula mbegu, mama, hata akitaka. Meno itakataa." Mama mmoja wa nyuma akaanza kucheka, akamwambukiza mwenzake, na majembe yakashuka mabegani. Mama yangu hakucheka.

"Ile ya jicho nyekundu ilitoka kwa mama yangu," alisema. "Alinipatia siku ya ndoa, na yeye alishakufa. Hakuna ingine. Umekula mama yangu."

Mwalimu alivua kofia. Akakaa chini kwenye ngazi ya darasa, katika vumbi, na ile suruali yenye mukunjo.

Kuanzia hapo kila Jumamosi tulimwona mashambani. Alilimia mama wote, shamba kwa shamba, na mlima wa Butembo siyo uwanja wa majivu. Aliteleza na jembe lake mpaka bondeni, na wanawake wakamwita kutoka juu, "Mwalimu, hiyo ni front gani?" Naye akajibu akiwa chali, "Retraite! Kurudi nyuma! Retraite stratégique!" Alifukia maharagi chini sana, kama vijiti vya muhogo, wakamfukulisha tena. Mikono ilitoka malengelenge, akashika chaki kwa vidole viwili. Pale ndipo alipojifunza kusema *wasingya*, asante ya kwetu, na tangu siku ile alisema *wasingya* hata kwa mtu aliyemkanyaga.

Msidhani alikuwa shujaa. Mwalimu wa Vita alikuwa mwoga wa kupindukia. Gurudumu la kamyo lilipasuka sokoni, tukamkuta chini ya meza ya muuza sombe, majani ya muhogo, na alipotoka alitoka polepole, anakung'uta magoti. "Hiyo ndiyo tactique ya vita," alituambia. Mbwa alimfanya avuke barabara. Lakini kwenye kizuizi cha askari, pale watu wote wanapoangalia viatu vyao, yeye alisimama, akamtazama kijana mwenye bunduki, akauliza, "Mutoto, umekula?" Na kama hajala alimpa ndizi. Nilimuuliza siku moja kwa nini mbwa anamtisha na bunduki haimtishi. Alisema bunduki inamtisha sana, ndiyo sababu anapendelea aliyeishika awe ameshiba.

Na uongo alikuwa nao. Kila mwisho wa mwaka alisema, "Mwaka kesho narudia kwetu." Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukalia, na mwezi wa tisa tukamkuta mlangoni. Tulikuja kuacha kulia. Mke wake alifia Beni, akazikwa Beni. Watoto wao walikua wakaenda Kinshasa. Yeye alihamishiwa Mangina, akastaafu, akabaki kule kule. Watu walidhani ni kaburi linalomshika. Mimi nilijua ni maharagi.

Alikuwa hajaacha kuyatafuta yale ya jicho jekundu. Miaka na miaka, kila soko alilopita, Lubero, Beni, Mutwanga, alitia mkono ndani ya mifuko ya maharagi ya kuchanganya, akachambua mpaka wauzaji wakadhani ni mtu wa taxe, wa kodi. Mwisho aliyapata Mutwanga, chini ya Rwenzori, kwenye kafungu kadogo ka mama mmoja, yamechanganyika na mengine: meupe, jicho jekundu. Alinunua kafungu kote. Alinipigia simu akilia.

"Basi mletee Mama!" nilimwambia.

"Hizi kidogo? Hapana. Kitunga hairudi bure."

Hiyo ni desturi yetu, siyo yake. Kwetu kitunga, yaani kikapu, cha jirani unakirudisha na kitu ndani. Yeye aliishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo, na alitaka kurudisha kipimo kile kile alichokula. Akapanda Mangina. Mavuno ya kwanza alipanda tena yote. Ebola ikaja, akawekwa nyumbani chini ya uangalizi kwa sababu jirani yake aliugua, na maharagi yakaozea shambani. Zikabaki mbegu chache ndani ya nyumba, akaanza upya. Halafu wale waasi wa porini wakaja na mapanga, kijiji kikakimbia, akafika Beni kwa miguu na kiganja kimoja mfukoni. Kukatulia kidogo, akarudi, akapanda kiganja kile.

Nilipopewa ule mzigo wa kumtoa, nilimtupia maneno yake mwenyewe. "Mwalimu, si ulitufundisha kurudi nyuma pia ni operation?"

"Nilifundisha, ndiyo."

"Basi rudi nyuma! Unangoja wakukate?"

"Jeshi hairudi nyuma na kuacha baaskari yake mu shamba. Bado hazijakauka."

Nilimwambia Mama amesamehe zamani, amesahau. Na kweli Mama mwenyewe alinituma nimwambie hivyo. Akanijibu.

"Mama yako anaweza kusahau. Mimi ndiye nilikula."

Ukweli ni kwamba Mama hakusahau. Kila mwezi wa tisa namwona akiinua macho juu ya moto, pale palipokuwa pamefungwa, kisha anaendelea na kazi zake. Ana nywele nyeupe sasa na macho yamefifia, lakini pale anapaangalia bado. Nami nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, usiku na mchana: kwamba mmoja wa wazee hawa wawili atakufa kabla yale maharagi hayajakauka, na kwamba atakuwa yeye, na kwa upanga.

Asubuhi moja picap ya kutoka Beni ilisimama mbele ya duka langu. Ilikuwa imejaa magunia na watu wenye vumbi, na katikati yao mzee mwembamba, suruali na mukunjo wake, amekumbatia kopo kubwa la maziwa ya unga. Nilitupa mizani. Nilimshika, nikamtukana, nikalia, yote kwa pamoja. Yeye akauliza, "Umekula?"

Tulimkuta Mama jikoni. Hakumtambua kwa macho. Mwalimu alipiga goti kwenye jivu na kumwekea kopo mapajani. Mama akatia mkono. Alishika haragi moja, akalizungusha kwa kidole gumba, akalipeleka karibu kabisa na jicho lake, halafu akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikaa vile muda mrefu.

"Mama," alisema. Hakuwa anatuita sisi.

Kisha akaanza kazi, kwa sababu Mama yangu halii mbele ya watu. Alitenga fungu moja, akalifunga kwenye kitambaa, akanipa nilifunge juu ya moto, pale pale. Fungu lingine akalirudisha ndani ya kopo.

"Hii ni yako. Peleka kwenu ku mto. Mbegu hapana kukaa nyumba moja, vita itamaliza yote."

"Mama, kwetu tunakula muhogo..."

"Basi ubafundishe."

Yaliyobaki aliyabeba kwa viganja viwili, akayamwaga kwenye sufuria iliyokuwa inachemka. Mwalimu aliruka kama kijana.

"Mama! Mbegu hapana ya kupika!"

Mama alicheka, mwisho alicheka, mpaka akashika nguzo ya jikoni. "Mbegu iko kule juu, Mwalimu. Hizi sasa ni maharagi."

Mwalimu alikula sahani mbili. Nyingine Mama alimfungia kwenye bakuli ya njiani, na kesho yake nilimpeleka Rughenda. Kwenye mlango wa uwanja wa ndege kulikuwa na askari kijana, mtoto wa mbali kama alivyokuwa yeye zamani, bunduki begani, macho mekundu. Aligonga lile kopo kwa kidole.

"Papa, nini iko mu kopo?"

Mwalimu alifunua. "Baaskari betu. Bengine balikuwa ba kwetu ku mto. Ninabarudisha."

Kijana alichungulia, akaona maharagi, akanitazama mimi kama anauliza mzee ana akili. Nilijibu kwa kichwa kwamba anazo.

"Na wewe," Mwalimu akasema, "umekula?"

"Te, papa. Tangu jana."

Mwalimu akampa bakuli ya Mama, akafungua kifuniko mwenyewe ili kijana asisumbuke na bunduki. Kopo akalibana chini ya kwapa.

"Hii kula, mutoto. Ni maharagi. Ile ingine hapana kugusa. Ni mbegu."

Akatembea kwenda kwenye ndege bila kugeuka, maana angegeuka angebaki, namjua. Askari alikula amesimama, na alipomaliza alinirudishia bakuli. Ndani alikuwa ameweka pipi moja.